CHAKULA, USINGIZI NA UTULIVU WA MOYO KATIKA SIKU ZA DHIKI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad pamoja na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, tumeombwa na baadhi ya wazee wanaotuletea watoto wao chuoni tuandike machache juu ya jambo linalozisumbua nyumba nyingi za mwambao wetu huu wa Ziwa Tanganyika. Nalo ni uzito wa moyo unaowajia watu nyakati za dhiki. Twatakiwa tueleze namna chakula na mwenendo wa kila siku vinavyoweza kuupunguza uzito huo au kuuzidisha. Sisi si waganga. Ni walimu wa Kurani tu, nasi twasema yale tuliyoyasoma kwa wanavyuoni na kwa mabingwa wa tiba, na yale tuliyoyaona kwa macho yetu hapa Ujiji. La kwanza katika tuliyoyaona ni kosa letu wenyewe, basi tutaanza nalo.

Tarehe 15 Mei, 2024, Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nchi nne zinazopakana na Ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimepatana juu ya jambo hilo. Shabaha yake ilikuwa njema, kwani wavuvi wenyewe walikuwa wakilalamika kwamba dagaa na migebuka wanapungua. Lakini mji wetu hula kwa mkono wa mvuvi, na mwenye duka la kanga naye humngoja mvuvi arudi. Mitumbwi ikapandishwa mchangani. Wanawake waliozoea kuanika dagaa Kibirizi na Katonga wakawa hawana cha kuanika. Tena mwaka huo huo maji ya Ziwa yalikuwa yamepanda mno, yakaingia katika nyumba za watu huko Bujumbura, Uvira na Kalemie, na kwetu pia yakausogelea mji. Dhiki juu ya dhiki.

Katika siku hizo alikuwako chuoni kwetu mtoto wa miaka kama kumi, hodari wa kuhifadhi. Ghafula akawa mzito. Aya aliyoijua jana, leo haijui. Na kila baada ya Alasiri, wenziwe wakisoma, yeye husinzia juu ya juzuu yake. Tulimkaripia mara ya kwanza. Mara ya pili tulimsimamisha mbele ya wenziwe. Mara ya tatu tulinyanyua fimbo, naye hakulia wala hakujitetea, akatutazama tu kama mtu asiyeona. Ndipo tulipoingiwa na shaka tukamwuliza amekula nini. Akajibu kuwa amekunywa chai asubuhi, na kwamba kwao siku hizi chakula ni cha usiku tu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe fimbo ile. Miaka mingi tumefundisha watoto, tukadhani kwamba usahaulifu ni ukaidi, kumbe mara nyingine usahaulifu ni njaa.

NJAA HUUGUSA MOYO KABLA YA KUUGUSA MWILI

Yafaa ijulikane kwamba ubongo wa mtu mzima, ingawa ni kitu kidogo, hutumia kama sehemu moja katika tano ya nguvu zote ambazo mwili hupata kutokana na chakula. Chakula kipungukapo, nao hupungukiwa. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kula kama nusu ya chakula walichozoea kwa muda wa miezi sita, ili mabingwa wapate kujua namna ya kuwahudumia watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Miili yao ilikonda, kama ilivyotazamiwa. Lakini waliokuwa wachangamfu walikuwa wanyamavu. Waliokuwa wapole walikuwa wakali kwa sababu ndogo. Wakawakimbia wenzao, wala hawakuwaza kitu ila chakula. Waliporudishiwa chakula, hali zao zikatengenea kidogo kidogo.

Ndugu Msomaji, zingatia habari hiyo. Vijana wale hawakuwa na deni wala msiba wala watoto wanaolia. Njaa peke yake iliwageuza tabia. Basi itakuwaje kwa baba ambaye ana njaa na deni pamoja? Na mara ngapi tumesikia ugomvi wa mume na mke katika nyumba ya jirani tukasema kwamba wamekosa subira, hali wamekosa chakula? Wazee wetu walisema: Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

YANAYOACHWA KWANZA

Tumetazama nyumba nyingi katika miezi ile, tukaona kwamba dhiki ikija, watu huacha mambo kwa taratibu moja. Kwanza huacha kitoweo na mboga. Pili huacha kula pamoja, kila mtu akala apatapo. Tatu huacha usingizi wa saa zake. Na mahali pa hayo yaliyoachwa huingia ugali wa muhogo mtupu, chai yenye sukari nyingi, kahawa kali na, kwa wengine, sigara. Hivyo, wakati ule ule ambapo moyo unahitaji nguzo, twaziondoa nguzo zake kwa mikono yetu.

Katika mwaka 2017 ilitangazwa kazi ya mabingwa wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia. Waliwachukua watu 67 wenye maradhi ya huzuni ambayo siku hizi huitwa sonona, na wengi wao walikuwa tayari wakitibiwa. Sehemu moja walifundishwa kula mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa na samaki, na kupunguza vitu vitamu na vya kukaangwa. Sehemu ya pili walipewa watu wa kuzungumza nao tu. Baada ya wiki 12, katika wale waliobadilisha chakula, karibu theluthi moja walikuwa wametoka katika maradhi hayo. Na katika wale wengine, walikuwa kama 8 katika kila 100. Watu 67 ni wachache, wala hatusemi kwamba samaki na mchicha ni dawa ya kila huzuni. Twasema kwamba chakula kina sehemu yake katika tiba, na asiyeitumia sehemu hiyo ameacha msaada ulio karibu naye.

Na tazama neema ya Mwenyezi Mungu: katika vitu walivyoshauriwa watu wale wa Australia, vingi viko sokoni kwetu. Dagaa aliwaye mzima, na mifupa yake, hutia mwilini nyama, mafuta ya samaki, chokaa na madini ya chuma, na kibaba kimoja cha dagaa wakavu hukaa muda mrefu kikagawanywa kidogo kidogo. Maharage ya Kasulu, kisamvu, matembele na mchicha si vyakula vya kuonea haya. Mawese yetu mekundu yana ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini ya macho na afya; lakini ukiyachoma motoni mpaka yakawa meupe, umeipoteza faida hiyo. Yatiwe kwa kiasi, wala yasiunguzwe. Muhogo hushibisha tumbo, lakini peke yake haujengi mwili. Basi afadhali ugali upungue kidogo, na kando yake pawe na kijiko cha dagaa na mboga.

Kuna jambo moja dogo ambalo twapenda akina mama walijue. Upungufu wa madini ya chuma katika damu, ambao huwapata wanawake zaidi, huleta uchovu, ubaridi wa moyo na akili kutotulia. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili usiyapate madini hayo vizuri. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga, au embe likiliwa baada yake, huusaidia mwili kuyapata. Basi chai na ingoje hata muda wa saa moja baada ya chakula, na maembe ya Ujiji yasiishie katika mikono ya watoto njiani tu.

USIKU NA MCHANA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nabaa ametaja usingizi kuwa ni mapumziko, na usiku kuwa ni vazi, na mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Na Bwana Mtume S.A.W., kama ilivyo katika Bukhari, alikuwa akichukia kulala kabla ya sala ya Isha na kuzungumza baada yake. Vijana wetu wa leo wameigeuza amri hii. Baada ya Isha ndipo simu zinapofunguliwa, na habari za vita, deni na fitina huingia kifuani saa ambayo kifua chataka kufungwa. Mtu akilala saa nne za usiku, hadi adhana ya Alfajiri atapata saa saba na zaidi, nazo zamtosha. Akilala saa nane, ama ataikosa sala, ama ataamka na hasira, ama yote mawili.

Na kahawa nayo ina hesabu yake. Hatuikatazi, nasi ni wanywaji. Lakini nusu ya ukali wake yaweza kubaki mwilini kwa muda wa kama saa tano. Aliyekunywa vikombe vitatu barazani baada ya Magharibi, hata karibu na usiku wa manane damu yake bado inakesha. Kisha hulalamika kwamba mawazo hayamwachi alale. Mawazo yapo, ni kweli. Lakini amewaongezea walinzi mlangoni ili yasitoke.

Ama ndugu zetu wavuvi, wao riziki yao imewekwa usiku, katika giza la mwezi, dagaa wanapoifuata taa. Hatuwezi kuwaambia walale baada ya Isha. Kwao twasema hivi: ukirudi asubuhi, swali, kula, kisha lala katika chumba chenye giza, na watu wa nyumbani wakuhifadhie usingizi wako kama wanavyokuhifadhia chakula. Usinywe kahawa ya mwisho karibu na mapambazuko. Na zile siku za mbalamwezi ambazo humo majini hakuna kazi, usizifanye za kukesha bure. Zirudishe kwa usingizi wa usiku na kwa watoto wako, ambao hukuona mara chache.

Na kwa wanaoshinda mchana, katika mambo mepesi yenye faida kubwa ni kutoka asubuhi. Nuru ya jua la asubuhi huuambia mwili kwamba siku imeanza, hata usiku nao upate kuujua wakati wa kulala. Anayekwenda msikitini kwa miguu Alfajiri, akarudi jua linapochomoza, ametembea, amepata nuru na ameonana na watu. Katika dhiki, mtu hutaka kujifungia. Sala tano za jamaa humtoa mara tano, na kuipa siku yake mafundo ya kushika, kama kamba ya mvuvi.

UJI WA MSIBANI

Dini yetu haikulitenga tumbo na moyo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha R.A., akifiwa mtu wa jamaa yake, na wageni wakiisha kutawanyika, wakabaki wenyewe wa nyumbani, alikuwa akiamrisha kipikwe chungu cha talbina, nayo ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, umiminwe juu ya mkate uliolowekwa kwa mchuzi, akawaambia wanawake wale. Naye akatoa habari kwamba amemsikia Mtume S.A.W. akisema kuwa uji huo humpumzisha mgonjwa moyo wake na kumwondolea baadhi ya huzuni. Tazama maneno haya: baadhi ya huzuni, si yote. Na tazama wakati wake: ni pale wageni walipoondoka na nyumba ikawa kimya.

Na alipouawa Sayyidna Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume S.A.W. aliamrisha jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo lililowashughulisha. Leo katika mitaa yetu mara nyingi twalipindua jambo hili: mfiwa ndiye akopaye mchele ili atulishe sisi tuliokwenda kumpa pole. Tunamwachia msiba na deni. Wazee walisema: Mgonjwa haulizwi uji. Na mwenye huzuni vile vile asiulizwe kama ana njaa, maana atasema hana, apelekewe.

Hatusemi kwamba ulezi wetu ndio shayiri. Lakini tulipojua hali ya yule mtoto na ya wenziwe, tulizungumza na wazazi walio na uwezo, wakachanga unga wa ulezi, karanga na sukari kidogo, ikawa kabla ya somo la Alasiri kila mtoto hunywa kikombe cha uji, mwenye nacho na asiye nacho, ili asijulikane nani ni nani. Baada ya wiki chache mtoto yule akairudia hifadhi yake. Fimbo ile tumeiweka mbali.

HUZUNI SI UDHAIFU WA IMANI

Limebaki jambo moja kubwa. Baba wa mtoto yule alikuwa mvuvi. Miezi ile yote alikaa barazani mpaka usiku mwingi, halali, hali, wala haonekani msikitini. Watu wakasema kwamba imani yake imepungua. Tulipomwendea alitwambia kwamba kifua chake kimekuwa kama mtumbwi ulioingia maji, na kwamba amechoka hata kuishi. Tuliogopa sana kusikia neno hilo. Hatukumsomea lawama. Tulikaa naye, tukala naye, na asubuhi yake tukafuatana naye hospitalini. Huko alisikilizwa, akapewa dawa na siku za kurudi. Uvuvi ulipofunguliwa alirejea majini, naye hakuacha kuhudhuria kwa mganga wake.

Ndugu zetu, Nabii Yaakub A.S. alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Bwana Mtume S.A.W., kama alivyopokea Anas, alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni. Mtu hajilindi na kitu kisichokuwako. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na mwaka 934, aliandika kitabu cha maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza aliiweka kwa mwili, na chakula chake na usingizi wake; na ya pili kwa nafsi, na hasira, hofu, huzuni na wasiwasi wake. Alieleza kwamba mwili ukiugua nafsi huumia, na nafsi ikiugua mwili huumia. Na kwamba iko huzuni yenye sababu ijulikanayo, na iko nyingine isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake imo mwilini, nayo yataka tiba ya mwili. Hayo yamesemwa na Mwislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa nini basi leo twaona haya kumpeleka mtu hospitalini kwa ajili ya moyo wake, hali hatuoni haya kumpeleka kwa ajili ya homa?

Kwa hiyo, ukimwona mtu wako amekosa usingizi na chakula kwa wiki mbili au zaidi, ameacha aliyoyapenda, au amesema neno la kuchoka kuishi, usimwambie asubiri tu. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Maweni, na umwombee dua njiani. Dua na dawa hazigombani. Na anayejitibu huzuni kwa pombe au bangi, basi, pamoja na dhambi yake, ameununua uzito zaidi kwa fedha ya watoto.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Imepokewa katika Bukhari kwamba Salman alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta amejitia katika kufunga mchana na kusimama usiku mpaka ameisahau nafsi yake na watu wake. Salman hakumpa hotuba. Alimtaka ale pamoja naye, akala. Usiku alimwambia alale, akalala. Na mwisho wa usiku ndipo waliposimama wakasali pamoja. Kisha akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume S.A.W., alisema kwamba Salman amesema kweli.

Basi dhiki itakapokuja tena, nayo huja, na iwe ni Ziwa limefungwa au limefura, au biashara imekwama, tushike mambo haya machache. Kile kidogo kilichopo kigawanywe asubuhi na jioni, wala kisilundikwe chote usiku. Sahani iwe moja, na watu wakae pamoja. Sinia lisikose mboga hata ikiwa ni majani ya uwanjani. Kahawa iishie Alasiri. Simu ilale kabla ya mwenyewe. Na kila mmoja wetu awe Salman kwa jirani mmoja: aende, ale naye, na amtazame usoni.

Na walimu wenzetu, kabla hamjanyanyua fimbo juu ya mtoto anayesinzia, mwulizeni kwanza amekula nini.

Mwenyezi Mungu atutulizie nyoyo zetu kwa kumkumbuka, atubarikie katika kidogo na kingi, na atufanye wenye kuhurumiana. Amin.